Waliosimama, Wakarudi

Kazi yangu ni kuhesabu watu wanaovuka barabara. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza kama kweli nalipwa. Nalipwa. Ninakaa kwenye kiti cha kukunja, kofia kichwani, fomu mapajani, na kila mkono umeshika kidude cha chuma chenye kitufe. Anayevuka kuja upande wangu namhesabu kwa kidole gumba cha kulia, anayekwenda ng'ambo namhesabu kwa cha kushoto. Ofisini kwetu, kitengo cha barabara cha halmashauri, wananiita Bonyeza, na nimelizoea jina hilo hata nikiitwa kwa jina langu nachelewa kuitika.

Ni kazi ya kulala macho wazi. Saa ya kwanza unawaona watu: huyu kabeba mkate, yule kavaa suti na ndara. Saa ya pili unaona miguu tu. Ikifika saa ya tatu hakuna tena watu wala miguu, kuna kitu kinachotiririka polepole mbele yako, vidole vinabonyeza vyenyewe, na wewe uko mbali, mahali pasipo na honi. Wenzangu wawili waliikimbia kazi hii kwa sababu hiyo. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini nikizinduka, namba zangu huwa sahihi, na hapo sina mzaha na mtu. Sijawahi kumwongeza ambaye hakuvuka wala kumpunguza aliyevuka, awe mkubwa gani.

Mwaka ule nikapelekwa kuhesabu barabara inayopita katikati ya familia yangu.

Mama yangu anakaa ghorofa ya pili, upande wa maduka. Dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, anakaa ng'ambo, kwenye nyumba ya chini yenye mlango wa bluu. Barabara ilipokuwa nyembamba walikuwa wakivuka na sufuria mikononi, na ukimkosa mmoja kwake unajua yuko kwa mwenzake. Halafu ikapanuliwa, ikawa ya njia nne, na magari yakaanza kupita kana kwamba yamechelewa mazishi. Mama ana magoti mabovu. Mara ya mwisho nilimvusha mwenyewe; tulipofika katikati lori likapita mbele yetu na lingine nyuma yetu, na kucha zake nikazisikia zikiingia mkononi mwangu. Tulipofika alikaa chini kwenye ukingo, mtu mzima yule, akatetemeka mbele za watu. Akasema havushwi tena kama mbuzi wa mnadani.

Teksi alipanda mara tatu. Kwa teksi inabidi uende mpaka kwenye mzunguko wa magari, ugeuze, urudi, na mama alisema ni aibu kulipia gari kwenda nyumba unayoiona ukiwa dirishani. Na halafu, akasema, kwa nini iwe yeye tu? Dada yake magoti hana shida nayo, mbona haji hata siku moja? Basi akanuna. Miezi kumi na mmoja ndugu wawili wa tumbo moja hawakugusana.

Kilichobaki kilikuwa saa nne asubuhi. Saa nne ikifika mama anatoka roshani, na mama mkubwa anatoka mlangoni, anasogea mpaka ukingoni, ananyoosha mkono anapunga. Mama naye anapunga. Magari yanapita katikati yao, juu ya lami inayometa kama maji, na kwa dakika moja hivi unaweza kudhani wale wawili wako kwenye kingo mbili za mto na hawana haraka ya kwenda popote. Kisha kila mmoja anaingia ndani.

Sasa, jirani na hapo lilikuwa linajengwa jengo la ghorofa kumi na nane. Kwetu, kampuni ikijenga jengo kubwa namna ile inalipa halmashauri ada ya uendelezaji, kwa kuwa jengo litaleta magari na watu, na sehemu ya ada hiyo ni lazima itumike kuwalinda waenda kwa miguu wa jirani. Ilitosha kujenga kivuko kimoja kizuri: kilichoinuliwa, chenye taa, na kisiwa katikati cha kupumzikia. Kimoja tu. Kampuni iliomba kiwekwe mbele ya geti lake. Wakazi waliomba kiwekwe konani, kati ya ghorofa ya mama na mlango wa bluu. Utaratibu unasema panapovuka watu wengi ndipo panapopewa. Kwa hiyo nikaambiwa nikahesabu siku kumi getini na siku kumi konani.

Mhandisi, mkubwa wangu wa kazi, alijua ndugu zangu wanakaa pale. Aliniuliza kama nitaweza. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba mama yangu akivuka atahesabiwa mmoja, kama watu wote.

Getini nilipata watu elfu tatu na ushee. Pale walinzi wawili wenye vizibao vya kung'aa walikuwa tayari wanasimamisha magari kwa mikono, na watu wakipita wanachekacheka. Nikahamia konani, nikaweka kiti changu upande wa mama mkubwa, karibu na mwavuli wa fundi viatu. Siku ya kwanza walivuka mia moja na thelathini na kenda. Kati ya hao kumi na mmoja walikuwa fundi viatu mwenyewe, anayevuka na kurudi akibadilisha kofia, akidhani simtambui. Alikuwa anahatarisha roho yake kutusaidia. Nilimshukuru, nikamwandika mara moja, nikamwambia akae ashone viatu. Alisema mimi sina ubinadamu. Mia moja na ishirini na tisa.

Siku ya tatu nikafanya kosa ambalo sijawahi kulifanya.

Ilikuwa saa nne. Nilikuwa kwenye ile saa ya mtiririko, mbali na nafsi yangu. Mlango wa bluu ukafunguka, mama mkubwa akatoka na shali yake begani, akasogea ukingoni, akanyoosha mkono. Nikatazama juu kwa mama. Roshani ilikuwa tupu. Pazia lilikuwa limefungwa, na pembe yake moja ikatikisika, mtu akichungulia. Mama mkubwa akapunga. Akapunga kwa raha, akatabasamu, akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akaipungia roshani tupu dakika nzima. Na kidole changu cha kushoto kikabonyeza.

Nikashtuka. Nilikuwa nimemhesabu mtu ambaye hakuvuka.

Niliinuka nikamwendea, nikasimama mbele yake bila kusema. Macho yake yakapita juu yangu kama yanavyopita juu ya hewa, yakaenda kutua kwenye nguzo ya umeme. Ndipo nikaelewa kwa nini haji kwa mama. Nilimfahamu miaka yote, nilikunywa chai kwake kila wiki, sikuwahi kugundua kitu. Nyumba yake aliijua kwa vidole.

"Ni wewe," akasema, baada ya kunusa kofia yangu iliyojaa vumbi. "Basi umeshajua. Mwanga nauona, vivuli naviona. Watu siwaoni tena."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama. Akasema mama akijua atakuja kwa miguu siku hiyo hiyo, na magoti yale, na malori yale. "Usimwambie. Niapie." Nikaapa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama msichana anayeulizia mchumba, "Leo amevaa nini mama yako?"

Nikasema nilikuwa kazini, sikumtazama vizuri.

Mchana nilipanda kwa mama, nikamuuliza pazia lile la nini. Hakuona haya. Alisema kuna siku anatoka na kuna siku hatoki, makusudi. "Nataka aone roshani tupu. Na yeye aonje inavyouma, kumsubiri mtu na yeye hakujii." Nilisukuma sahani pembeni. Nilitaka kumwambia yote. Lakini nilikuwa nimeapa, na nilimwona kwa akili yangu akishuka zile ngazi kwa pupa, akiingia barabarani bila kuangalia.

Jioni ile ilinibidi nirekebishe fomu. Utaratibu wetu ni kwamba ukikosea huruhusiwi kufuta. Unapiga mstari, kisha kwenye safu ya maoni unaeleza kilichotokea. Nikapiga mstari juu ya mtu mmoja. Nikaandika: *Mama mzee mwenye shali. Alisimama, akanyoosha mkono, akarudi.* Nikaitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu. Katika miaka tisa ya kuhesabu, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwandika ambaye hakuvuka. Na nikaanza kuwakumbuka wengine. Nilikuwa nikiwaona kila siku, wanakuja mpaka ukingoni, wanasimama, wanatazama kushoto, wanatazama kulia, na hawabonyezwi.

Kesho yake kidude cha kulia nikakifanya cha wote wanaovuka, wa kwenda na wa kuja. Cha kushoto nikakifanya cha wanaorudi. Na kila aliyerudi nikamwandikia mstari. *Mjamzito mwenye kikapu. Alisimama dakika tano, akarudi. Baba na watoto wawili, alimnyanyua mmoja, akamtazama wa pili, akarudi. Mzee mwenye redio. Alisimama mpaka wimbo ukaisha, akarudi.* Safu ya maoni ilijaa kabla ya saa nne. Nikaanza kutumia karatasi za nyongeza.

Siku zile zilikuwa za ajabu. Joto lilipanda, lami ikawa kioo, na sikuondoka tena mwilini mwangu kama zamani. Nilikaa palepale, nikiwaona watu sura kwa sura. Nikijilaza kidogo mchana niliwaota waliorudi, wote, wamejipanga ukingoni hawana haraka, wananisubiri niwaandike. Wengine nilikuwa sijawaona bado, wakaja kesho yake. Fundi viatu alinusa jambo na akaanza kunisaidia kutazama ule upande wa pili, akinitajia mavazi yao. Alisema labda ubinadamu kidogo ninao. Na saa nne kila siku mama mkubwa alitoka akapunga, na mama alitokea pale alipojisikia.

Mpaka siku ya kumi nilikuwa na waliovuka elfu moja na mia mbili na kitu, na waliorudi mia saba na kumi na wawili. Kwa haki nikarudi getini siku yangu ya mapumziko, nikahesabu waliorudi na pale. Wanne, na mmoja wao alikuwa amesahau simu.

Mhandisi alikunja uso alipoziona fomu. Tulikuwa ofisini kwake, ramani ya mji ukutani, feni ikikokota hewa ya moto. Mwakilishi wa kampuni alikuwepo, mwanamke kijana, mpole, viatu vya kisigino, na kalamu tayari mkononi, maana makubaliano ya ada yalihitaji saini za pande zote mbili. Alisema kwa upole kwamba hesabu inajieleza yenyewe: geti lina elfu tatu, kona ina elfu moja. Mhandisi akasema hata hiyo elfu moja ya kona ina kasoro, kwa kuwa tangu siku ya nne nimechanganya wa kwenda na wa kuja. Kwa taratibu fomu hizo ni za kutupa. Aliniuliza mbele ya mgeni kama nilikuwa nimelewa.

Nikamwambia asome safu ya maoni.

Alianza kusoma kwa sauti kunikomesha, nijue upuuzi wangu. "Mama mwenye fimbo. Alisimama dakika kumi na mbili, akarudi. Fundi bomba na mabomba yake. Alisimama, akasema neno baya, akarudi." Hapo wakatabasamu. Akaendelea. "Binti mwenye sare ya hospitali. Alisimama, akatazama saa, akalia, akarudi." Akapunguza sauti. Ukurasa wa pili aliusoma polepole zaidi, wa tatu polepole zaidi ya hapo, na feni ikawa inasikika kati ya mstari na mstari. Karatasi zilikuwa arobaini. Hakuna aliyemwambia aache.

Mwishowe mwakilishi akauliza, "Hawa wanaorudi, huwa wanakwenda wapi?"

"Nyumbani," nikamjibu. "Wanafika wanasema hawakuwa na safari ya maana."

Hakutia saini siku ile. Mhandisi alinifukuza ofisini kwa mkono, bila kunitazama, na nilirudi nyumbani nikijua nimeharibu kila kitu. Kama ningekaa kimya na namba zangu safi, labda wangegawana ada, labda konani wangechora hata mistari tu. Nilijilaumu siku nzima.

Asubuhi ya pili nilikwenda konani kuchukua kiti changu, nilichokiacha kwa fundi viatu. Mwakilishi alikuwa amesimama ukingoni, peke yake, mkoba kifuani. Hakuniona. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaweka kisigino kimoja barabarani, akakirudisha. Basi dogo likampulizia upepo mpaka nywele zikasimama. Fundi viatu alimpima kwa saa yake: dakika saba. Kisha akageuka, akarudi alikotoka. Sikuwa kazini, lakini nilimwandika.

Alitia saini mchana ule, kivuko kiwekwe konani. Mhandisi alinipigia mwenyewe, akasema mengi kuhusu fomu na jinsi zinavyojazwa, na mwisho akaniuliza kama kuna ninachotaka kuongeza kwenye mchoro. Nikamwambia taa ziwe na mlio wa kuashiria watu wavuke. Akauliza mlio wa nini, na taa zinaonekana. Nikasema si na wote. Hakuuliza zaidi.

Ujenzi ulichukua miezi minne. Lami ikainuliwa, kisiwa kikamwagwa zege, vyuma vya kushikilia vikapakwa rangi ya njano. Mafundi walipojaribu mlio, mama mkubwa alitoka akasimama mlangoni kuusikiliza, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayejifunza lugha. Mama naye aliuona ujenzi kutoka roshani, akawa anasema tutaona kama mtu fulani atakosa tena kisingizio. Nilimwacha.

Siku taa zilipowashwa nilimshusha mama ngazi moja moja. Alikuwa amejipamba, amepaka mafuta, uso umekazwa kama anakwenda kudai haki yake. Ilikuwa karibu saa nne. Mlio ukaanza, magari yakasimama, yale magari yote, na ukimya ukaingia barabarani, mwepesi, kama asubuhi ya siku ya mapumziko. Mama akavuka nusu bila kushikwa. Tukafika kisiwani, taa ikageuka, tukasimama tukishika chuma cha njano, magari yakipita mbele na nyuma na hakuna lililotugusa.

Ng'ambo mlango wa bluu ulifunguka. Mama mkubwa akaja ukingoni, fimbo nyembamba mkononi ambayo sikuwahi kuiona kwake, akangoja. Mlio ulipoanza tena akaingia barabarani, akigusa lami mbele yake, akiufuata mlio. Nikamsikia mama akivuta pumzi. Alimtazama akija hatua kwa hatua, mpaka akafika na kusimama mbele yetu, tabasamu lake likiwa limeelekea begani mwa mama.

Mama akanyoosha mkono akamgusa shavu. Akauzungusha uso ule kwake.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua za mwaka jana."

Mama akabaki ameushika uso ule. Uso wa mtu anayehesabu naujua, ni uso wangu wa kila siku. Alikuwa anazihesabu siku zote za pazia.

"Na ulikuwa unapunga," akasema.

"Saa nne ikifika ungekuwa wapi kwingine?" Mama mkubwa alicheka kidogo. "Nilikuwa najiambia, yule ametoka, yule ananipungia. Nikifika hapo nilikuwa nakuona kabisa." Kisha akasita, akachezea ncha ya shali yake. "Au kuna siku hukutoka?"

Mama alinitazama. Sijawahi kumwona mama yangu akiogopa namna ile, hata siku ya malori.

"Hakuna," akasema.

"Tumuulize mwenye hesabu." Mama mkubwa akanigeukia, akakosea kidogo, akazungumza na chuma cha njano. "Mwanangu, wewe ulikaa pale siku kumi, na wewe huongezi mtu. Mama yako hakukosa?"

Alitoka siku sita. Siku ya tatu hakutoka, ya nne hakutoka, wala ya saba, wala ya tisa. Naweza kukutajia hata sasa.

"Alitoka zote kumi, mama mkubwa," nikasema.

Akaridhika, akaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa analia bila sauti, machozi yakishuka hadi kidevuni, na hakuyafuta kwa kuwa hapakuwa na wa kumficha. Mlio ukaanza tena. Akauchukua mkono wa dada yake, akauweka kwenye kiwiko chake, wakavuka ile nusu ya mlango wa bluu, taratibu sana, mama akimtajia rangi ya kila gari lililosimama kuwasubiri.